Barua za Banda la Kushoto

Kuna watu wakistaafu wanastaafu kweli: wanavua saa mkononi na kulala mpaka jua liwachome miguu. Posta hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa ameacha kazi miaka sita nyuma, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchambua barua nyuma ya kaunta, lakini kila ilipofika saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ameshavaa shati lenye kola, amefunga vifungo vyote hadi kile cha kumkaba, na anatafuta cha kuchambua. Mtaani hapakuwa na aliyekumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Hata mwanawe wa pekee, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa amemhifadhi kwenye simu kama Baba Posta.

Cha kuchambua alikipata kwenye kuku, na kuku wenyewe hawakuwa wake. Walikuwa wa mkewe, arobaini wa mayai, nyuma ya nyumba, kwenye banda la mabati na wavu ambalo mama huyo alilisimamia kuliko watu wengine wanavyosimamia ofisi. Wengine aliwapa hadi vyeo. Kulikuwa na Karani, kulikuwa na Bi Harusi, na juu ya wote kulikuwa na Mkaguzi, kuku mwekundu mwenye kishungi kilicholalia jicho moja, ambaye hakuna pumba iliyomwagwa bila yeye kuipitia kwanza. Enzi hizo Posta alimjua kuku akiwa sahanini tu.

Mkewe alifariki miezi kumi na minne iliyopita, akamwachia maagizo mawili. La kwanza alilisema mbele ya watu: kuku wangu wasiishe. La pili alilisema wakiwa wawili tu, mlango umefungwa. "Mpelekee mkwe wetu asante yangu. Mimi nikimwambia atalia, na mimi nitalia, na kulia kunaniumiza kifua." Kisha akampa maneno ya kupeleka, neno kwa neno, akamrudisha nyuma kila alipokosea. Posta akaahidi. Agizo la kwanza alilishika. La pili lilikuwa bado limemkaa kooni.

Msimcheke haraka. Mkwe huyo, mke wa mwanawe, ndiye aliyemuuguza mama mkwe wake kwa miezi minne ya mwisho, mume akiwa barabarani na mizigo ya watu. Na kuuguza si kupeleka uji tu. Mgonjwa alikuwa hawezi kujiinua. Kila alfajiri mkwe aliingia na beseni, mlango ukafungwa, na Posta akatoka nje kwenda kusimama bandani, akiwahesabu upya kuku aliowahesabu jana. Akirudi, shuka zilikuwa zimeshaanikwa kwenye kamba, nyeupe, zinadondosha maji. Hakuuliza. Kushukuru kungemlazimu ataje alichokishukuria, na mambo ya namna ile baba mkwe hayataji mbele ya mke wa mwanawe. Basi akanyamaza leo, akanyamaza kesho, na kimya kikahamia nyumbani kama kiti cha zamani ambacho hakuna anayekumbuka kukiondoa.

Ndipo kuku walipoanza kuhara damu.

Ugonjwa huo si mgeni kwa mfugaji. Ni vimelea, vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo kuku huviokota akidonoa penye uchafu, navyo hujenga tumboni na kuuchuna utumbo kwa ndani. Marehemu alikuwa na dawa yake ya unga kutoka dukani, kijiko kimoja kwenye ndoo ya maji, na siku ya tatu kuku walikuwa wananyanyuka. Posta akatia kijiko kimoja. Akatia viwili. Kuku wakaendelea kujikunyata, mabawa yamelegea, macho nusu wazi.

"Baba, vimelea wameizoea," mkwewe alimwambia jioni moja akivua viatu mlangoni. "Dawa ileile miaka yote. Sasa wanaiona kama chai."

Alijua alichokisema. Alikuwa fundi wa darubini kwenye maabara ya mifugo, na kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kioo siku nzima akihesabu mayai ya vimelea, madogo kiasi kwamba elfu moja yangelala kwenye ncha ya kijiko bila kusukumana. Maabara yao wakati huo ilikuwa inatafuta kundi dogo la kuku la kujaribia chakula kilichochanganywa na majani makavu ya mpapai na kitunguu saumu. Akaliombea kundi la mama mkwe wake. Mbele ya mkuu wake aliweka dhamana ya mdomo: baba ni mtu wa utaratibu, hatakosea hata nukta.

"Majani ya mpapai?" Posta aliuliza. "Si ndiyo yale machungu?"

"Uchungu ndio tunaoutaka, baba. Mti hauna miguu ya kukimbia wala mkono wa kujipangusa. Mdudu akija kuula, unajitengenezea uchungu wa kumfukuza. Sisi tunauazima tu."

"Na ukimfukuza kuku mwenyewe?"

"Ndiyo maana tunapima. Si kila kichungu ni dawa. Kingine ni sumu."

Posta akalipenda jibu hilo. Mtu anayesema hatujui mpaka tupime, aliwaza, angefaa sana kaunta ya posta.

Masharti yalikuwa haya. Banda ligawanywe kwa ukuta wa mabati, ishirini kulia, ishirini kushoto. Wa kulia wale chakula chenye majani. Wa kushoto wale chakula kilekile bila majani, ili tofauti ionekane. Kuku wagawanywe kwa kura, si kwa mapenzi. Wiki sita. Na mkwe mwenyewe asikanyage bandani muda wote huo, maana anayehesabu akishawaona kuku, moyo unaweza kumhesabia. Posta alipiga kura kwa vipande vya karatasi ndani ya kofia yake ya zamani ya kazini, na Mkaguzi akaangukia kushoto. Aliitazama karatasi ile kwa muda. Kisha akambeba Mkaguzi kwa mikono yake mwenyewe mpaka kushoto, kwa sababu kura ni kura.

Likabaki sharti la mwisho, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa siku ile hakuna aliyeliona hilo. Maabara ilitaka kila asubuhi kikopo kimoja kutoka kila upande. Kikopo cha nini? Hapo mkwe, ambaye kazini hulitamka neno lenyewe mara mia kwa siku bila kupepesa jicho, alitazama sakafu.

"Kikopo cha… zile zao, baba."

"Zile zao."

"Ndiyo. Uokote kumi kumi, popote utakapozikuta. Usichague."

"Nimekuelewa, mama," Posta akasema upesi, naye akatazama dirisha.

Karatasi ya maabara ilikuwa na ukurasa mzima wa kueleza: ya kukauka na ya majimaji, yenye damu na isiyo nayo, zote zina haki sawa ya kuokotwa. Mkwe aliikunja akairudisha mkobani. Angeanzaje kumsomea baba mkwe mambo hayo?

Sasa wewe unayesoma, ukimtembelea mtu mzima akakuuliza utakunywa chai, unajibuje? "Usijisumbue." Na nani aliyewahi kuambiwa usijisumbue akazima jiko? Hivyo ndivyo Posta alivyolisikia lile "usichague". Ni adabu ya mtoto aliyelelewa akaleleka, alijisemea, na mimi kama mkubwa najua wajibu wangu.

Kesho yake, saa kumi na mbili na dakika tano, aliingia bandani na kijiko cha mti na miwani ya kusomea, akaanza kazi aliyoijua kuliko zote. Kinyesi cha majimaji alikipita. Chenye rangi ya kutu alikipita. Chenye uzi wa damu alikifunika kwa maranda ili hata yeye asikione tena. Akachagua vidonge kumi imara, vyenye kikofia cheupe juu, ambavyo hata mtu mwenye kinyaa angevivumilia. Posta ndiyo iliyomfunza hivyo. Barua iliyolowa mvua au kumwagikiwa na mafuta haikukabidhiwa vilevile. Ilifutwa, ikatiwa bahasha mpya, ikamfikia mwenyewe ikiwa na sura ya heshima. Angempaje mke wa mwanawe, asubuhi na mapema, hata chai hajanywa, uchafu wa kuku mgonjwa?

Alivifunga vikopo kwa karatasi ya kaki na uzi, akaandika juu yake kwa mwandiko wa kaunta: KULIA, KUSHOTO, tarehe, saa. Akaviweka kwenye sinia karibu na mlango.

"Baba, barua zangu zipo?" mkwe aliuliza siku ya pili. Jina hilo lilimtoka lenyewe, na wote wawili walishukuru kulipata.

"Zipo, mama. Zote mbili."

Ilikuwa nyumba ya raha wiki zile, niseme ukweli. Watu wawili waliokuwa wakipishana kwenye korido kwa "shikamoo" na "marahaba" sasa walikuwa na mazungumzo. Jioni Posta aliuliza barua zinasemaje, na mkwe akamweleza jinsi wanavyokoroga kwenye maji ya chumvi mpaka mayai yaelee, kisha wanayavuta na kuyaweka chini ya kioo chenye mistari. Posta alisikiliza kidevu kikiwa mkononi. Hata jirani wa nyuma alichungulia juu ya ukuta na kumuuliza siku hizi anatuma vifurushi vya nini kila asubuhi. "Nyaraka za serikali," Posta alimjibu, na jirani akaamini, maana uzi ulifungwa kiserikali kabisa.

Lakini kuku hawakuwa na habari na raha hiyo. Kufikia mwisho wa wiki ya tatu walikuwa wamekufa sita kushoto na mmoja kulia. Posta aliwazika kwa chokaa kabla jua halijapanda, kwa haraka na kwa adabu, kisha akasema idadi bila kupunguza. Idadi hakuwahi kuificha. Kila mchana alikwangua sakafu na kumwaga maranda mapya, na kila asubuhi akapeleka barua nzuri.

Jumatano jioni mkwe alirudi, akakaa mezani, hakugusa chakula.

"Baba, kuna jambo."

"Sema, mama."

"Mkuu anataka kufunga jaribio. Kuku wa kushoto wanakufa, lakini mimi kwenye kioo sioni cha kuwaua. Mayai ni machache kushoto, machache kulia, hakuna tofauti. Anasema basi kinachoua si vimelea. Ni kitu kingine, hatukijui, na kinachoua kushoto leo kitaruka ukuta kesho, kiende mabanda ya watu." Alisogeza sahani pembeni. "Ijumaa wataalamu wa magonjwa ya mifugo wakija, kama hakuna jibu, wote watachinjwa na kuchomwa moto. Wote, baba. Kuku wa mama."

"Nimehesabu mara tatu," akaendelea. "Nilidhani macho yangu yamechoka. Sijawahi kuona sampuli safi namna ile kutoka kwenye kundi linalougua. Barua zako ni safi mno, baba."

Kwa nukta moja, nukta moja tu, Posta alijisikia fahari. Kisha akakumbuka vyote alivyovifunika kwa maranda.

Hapo ndipo angesema. Mdomo aliufungua. Lakini kusema kulihitaji maneno, na maneno yenyewe yalikuwa yaleyale: majimaji, damu, kinyesi, mbele ya mke wa mwanawe, mezani, juu ya chakula. Akaufunga mdomo. Akasema anakwenda kuwaangalia kuku, akatoka, kama alivyokuwa akitoka siku zote.

Mkaguzi alikuwa kwenye kona ya banda la kushoto, amejikunja, kishungi kimepauka. Posta alimmwagia pumba mbele ya mdomo. Hakuikagua. Chini yake maranda yalikuwa yamelowa, mekundu, na Posta, mkono ukiwa umeshafika kwenye maranda makavu ili afunike, akauona mkono wake mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameyaficha maradhi ya kuku arobaini kwa kijiko cha mti. Mkewe alimwomba mambo mawili tu duniani. Moja alikuwa hajalifanya, na la pili alikuwa analiua kwa adabu.

Asubuhi ya Alhamisi aliingia bandani bila miwani. Aliokota popote kijiko kilipoangukia, kumi kushoto, kumi kulia: kikavu, majimaji, chenye kutu, chenye damu, kile cha chini ya Mkaguzi kikiwa bado na joto. Lakini alipofika kwenye sinia la mlangoni, mkono ulikataa kuviweka pale. Mkwe alikuwa ameshaondoka mapema, akiwa hana hata hamu ya kuuliza barua. Posta akavaa koti lake la kazini la rangi ya buluu, akashika vikopo mkono huku na mkono huku, akaenda kwa miguu mpaka maabara ya mifugo, mahali ambapo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga.

Kilikuwa chumba kirefu chenye meza za vigae vyeupe, masinki mawili, na harufu ya dawa ya kusafishia iliyokuwa ikipigana na harufu nyingine na kushindwa. Mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, koti jeupe, jicho kwenye darubini. Aliposikia hatua akageuka, akasimama wima.

"Baba! Kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani salama." Posta aliviweka vikopo mezani, akanyoosha uzi, kisha akaunyoosha tena. "Mama, miaka thelathini na mmoja sikuwahi kuficha barua ya mtu. Waliokuwa wakificha walifukuzwa, na mimi niliona wanastahili. Wewe nimekuficha zako wiki tatu."

Mkwe hakuelewa.

"Uliniambia nisichague. Nilichagua." Akapumua. Maneno yakatoka moja moja, kila moja likimkwaruza. "Bado wanahara damu. Kushoto ni damu na majimaji tangu wiki ya kwanza. Mimi nilikuwa naviruka hivyo, nakuletea kinyesi kizuri. Niliona haya kukupa kibaya."

Mkwe alivitazama vikopo, akamtazama baba mkwe wake aliyevaa koti la posta kuja kukiri habari za kinyesi, na mdomo wake ukatetemeka pembeni. Posta hakujua kama ni kilio au kicheko.

"Na mimi niliikunja karatasi ya maelezo," mkwe alisema hatimaye. "Niliona haya kukusomea."

Akavuta kikopo cha kushoto, akafungua. Harufu ilimfanya Posta arudi hatua moja nyuma. Mkwe hakurudi. Alipima kwenye mizani, akakoroga kwenye maji ya chumvi, akachuja, akavuta tone, akaliweka kwenye kile kioo chenye mistari. Akaweka jicho. Kidude cha kuhesabia kilichokuwa mkononi mwake kikaanza kulia, tik, tik, kisha tiktiktiktik bila kupumzika, mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. Akafanya cha kulia. Tik. Tik tik. Kimya. Tik.

"Njoo uone, baba."

Posta alivua kofia, akainama. Kwa mara ya kwanza maishani aliona kilichokuwa ndani ya bahasha. Kioo cha kushoto kilijaa viduara, vimebanana, kila kimoja na ukuta wake mwembamba unaong'aa. Kioo cha kulia alitafuta, akatafuta, akaviona vichache vimetawanyika.

"Hawa wote?"

"Hao wote. Walikuwepo siku zote." Sauti ya mkwe ilikuwa imepanda. "Na majani yanafanya kazi, baba. Hayajawamaliza, lakini angalia! Kulia hawafiki robo ya kushoto!"

Mkuu wa maabara aliitwa, mama mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Aliangalia vioo, akasikiliza kisa chote tangu mwanzo, na kisa kilipofika kwenye kikofia cheupe akaegemea meza akacheka mpaka miwani ya kichwani ikamshukia puani.

"Mzee, mimi nilidhani kuku wenu wanakula hotelini," alisema akijifuta macho. Kisha uso ukarudi kazini. "Umetupotezea wiki tatu."

"Ndiyo."

"Zinaanza upya zote sita. Wagonjwa mtawatoa pembeni, wapewe chakula cha kulia leoleo, hao hawatahesabiwa. Na wataalamu nitawapigia simu sasa hivi. Ugonjwa tunaujua, hakuna atakayechoma kuku wa mtu." Akamnyooshea kidole. "Na kuanzia kesho, hakuna kuchagua."

"Nitaokota hata kwa kufumba macho," Posta akasema.

Nikuondolee wasiwasi hapahapa: Mkaguzi hakufa. Alikaa siku nne kwenye boksi la katoni jikoni, akilishwa majani kwa kijiko na mzee aliyekuwa akimwomba radhi, na siku ya tano alitoka boksini mwake, akapitia jikoni kote kona kwa kona kuona kama kazi zimefanyika akiwa hayupo. Kuku thelathini na watatu walibaki, na wote wakabaki.

Lakini hayo ni ya baadaye. Alhamisi ile, mkuu alipokwenda kupiga simu, mkwe alimwonyesha Posta sinki, akamfungulia maji na kumtilia sabuni mkononi, maana mikono ya mzee ilikuwa haijaoshwa tangu bandani.

"Ungeniambia tu, baba," alisema taratibu, akisugua vidole vyake mwenyewe kwenye sinki la pili. "Mimi si mgeni wa mambo hayo. Nimeshashika…"

Wote wawili walijua alichokishika. Maji yalitiririka. Posta aliyatazama yakigeuka kutoka kahawia kuwa meupe, na mlango wa chumba ulikuwa wazi nyuma yake, hatua nne tu.

Akapiga moyo konde.

"Mama, kuna barua nyingine."

"Ya kulia au ya kushoto?"

"Si ya kuku. Hii ina miezi kumi na minne. Ni ya mama yako, alinipa mimi niilete, na mimi niliificha kuliko zote." Hakuwa ameiandika popote, hakuhitaji. Alikuwa ameisoma kila usiku. "Alisema hivi. 'Mwambie mwanangu asante. Mwambie kila asubuhi akinigeuza na kunisafisha, nilikuwa namtazama usoni. Nilikuwa nangoja siku atakayokunja uso, ili nijue kwamba nimekuwa mzigo. Nimengoja miezi minne. Hakuukunja hata siku moja. Mwambie naondoka nikiwa mtu.'"

Mkwe alikuwa ameacha kusugua. Povu lilikuwa limemkaa mikononi.

"Na mimi nina yangu," Posta akasema, sauti ikimkatika. "Zile shuka niliziona. Kila siku niliziona kwenye kamba. Nilijua umefanya nini ndani, na mimi nilikuwa nimesimama na kuku. Asante, mwanangu. Umemwosha mke wangu. Asante sana."

Uso ule, ambao haukukunjika mbele ya kikopo cha kushoto wala mbele ya beseni la alfajiri, ukakunjika wote, paji, macho na midomo, na mkwe akajiinamia juu ya sinki akalia kwa sauti. Posta alinyoosha mkono akafunga bomba. Kisha akasimama palepale karibu naye, na kwa mara ya kwanza hakutoka nje.